Moshi Ndani ya Mafuta

Siku tulipotundika kibao cha KIWANDA CHA KUSAFISHA MAFUTA hapa Keroka, vijana wa bodaboda walifika na mitungi yao wakiuliza petroli itaanza kuuzwa lini. Niliwaambia mafuta yetu ni ya avokado, na hayauzwi hapa, yanakwenda Ulaya. Mmoja wao aliniangalia kutoka kichwani hadi miguuni, akauliza kama Ulaya wameishiwa na mafuta ya kupikia. Nilimfukuza. Mimi Kemuma sina subira na mtu anayecheka kitu asichokijua.

Lakini hakuwa na makosa sana. Huku kwetu hakuna kisima cha mafuta, hakuna madini, na hata ardhi yenyewe tumegawana hadi mtu akipiga chafya kwake, jirani anamwambia pole. Kila boma lina miti miwili au mitatu ya avokado kwenye ua, basi. Wazo la kiwanda lilikuwa la Janat, binti wa mzee Gulled wa duka la vitambaa. Watu walipomwambia Kisii na Nyamira hazina avokado za kutosha, alijibu hivi: "Baba ameuza nguo miaka thelathini na hajawahi kupanda mche wa pamba." Mafuta ghafi mengine tungeyanunua Uganda na Tanzania, tuyasafishe hapa, tuyauze nje. Yeye alileta mashine. Mimi nilileta miaka tisa niliyofanya kazi katika kiwanda cha mafuta ya kupikia kule Nairobi.

Tulianza na avokado za nyumbani, tukizikamua wenyewe, na hapo ndipo nilipojitia kitanzi. Akina mama wa kijiji cha Birongo walikuwa wameshanoa mapanga ili wakate miti yao wapande mikaratusi ya kuuza. Nilikwenda kanisani kwao, nikasimama mbele, nikawaomba waiache. Niliwaambia avokado zao zitavuka bahari. Aliyesimama wa kwanza kuniunga mkono alikuwa Bonareri, mama mkwe wangu, na akishasema Bonareri pale Birongo hakuna wa kuongeza neno. Mapanga yakarudishwa nyumbani.

Kisha mnunuzi wetu wa Uholanzi akakataa sampuli ya kwanza. Akakataa na ya pili. Barua yake ilikuwa fupi: maabara imeona moshi ndani ya mafuta, na harufu yake ipo. Atapokea sampuli ya tatu, na hiyo ndiyo ya mwisho.

Janat alinisomea barua hiyo Jumatatu asubuhi, akaikunja.

"Ijumaa saa kumi jioni naenda Nairobi na sampuli," alisema. "Hii ikikataliwa, Kemuma, mashine naipeleka Murang'a. Huko kuna mashamba ya avokado, si ua."

"Na akina mama?"

"Wewe ndiye uliyewaahidi. Mimi sikuingia kanisani."

Nilikasirika kwa sababu ilikuwa kweli.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mose, mtu wetu wa boila ya mvuke, ambaye huchoma kuni tangu alfajiri. Nilimfokea mbele ya wafanyakazi kwamba moshi wake unaingia kwenye mapipa. Mose alichukua tochi, akanionyesha bomba moja baada ya jingine, kila kiungo kimekazwa, bomba la moshi limetoka nje kupitia paa bila hata ufa. Kumwomba msamaha sikumwomba siku hiyo, na mpaka leo naona haya nikikumbuka.

Tulimwaga mafuta kwenye vikombe tukanusa. Nilinusa mimi, akanusa Mose, wakanusa vijana wa mashine. Hakuna aliyesikia kitu. Sote tumezaliwa kwenye jiko la kuni, tumelelewa humo, na sweta zetu za shule zilinuka moshi tangu darasa la kwanza. Janat, anayepikia gesi, alisema anahisi kitu kidogo lakini hawezi kuapa.

Jumanne nilikwenda Birongo kuyaangalia matunda yanakotoka. Nilimkuta Bonareri nyuma ya nyumba, amepiga magoti kando ya shimo la kuivishia ndizi. Nalijua shimo hilo, maana ndizi zake zinajulikana hadi soko la Masimba. Unapanga mikungu ndani, unafunika kwa majani ya mgomba, unaziba kwa udongo, na pembeni unaacha tundu la kupulizia moshi wa majani makavu. Siku tatu, ndizi zimeiva zote kwa pamoja.

"Karibu, mama Onchiri," alisema, akiniita kwa jina la kifungua mimba wangu kama kawaida yake. Tulizungumza Ekegusii, lugha yetu. "Umekuja kuona kazi yako?"

Akafunua jani moja. Ndani hamkuwa na ndizi. Zilikuwa avokado, zimepangwa safu kwa safu, nyeusi na laini.

Nilichuchumaa kando yake.

"Mama, nani alikwambia uzifukize?"

"Si wewe?" Aliniangalia kwa mshangao. "Ulisema lori linapita Jumapili asubuhi na unataka laini tu. Mara ya kwanza tulileta ngumu, ukazirudisha, ukatupigia kelele barabarani. Sasa tungefanyaje? Ijumaa jua likizama mimi sigusi kazi, na wenzangu pia hawagusi. Kwa hiyo Alhamisi tunapanga, tunapuliza moshi, tunaziba. Sisi tuko kanisani siku ya Sabato, zenyewe zinaiva. Niliwafundisha wote, ishirini na sita. Hizi ni zilizobaki Jumapili, lori lilipojaa." Aliipapasa avokado moja kwa kidole gumba. "Hakuna hata moja uliyorudisha tena."

Ndivyo ilivyokuwa. Niliyarudisha matunda yao magumu, nikafunga mlango wa lori, nikaondoka. Sikueleza kwamba tunda gumu laweza kuiva kiwandani kwenye kreti, kwa siku tano, bila moshi. Sikuuliza watayaivisha vipi. Mtu yeyote aliyezaliwa huku angejua jibu, na mimi nilizaliwa huku.

Kumwambia mama mkwe kwamba kazi ya mikono yake imeharibu kitu si jambo la kufanya ukiwa umesimama. Nilikaa chini kabisa, kwenye udongo.

"Mama, Wazungu wamekataa mafuta. Yana moshi. Kosa ni langu, si lenu. Niliwaamrisha bila kuwafundisha."

Alianza kuyaondoa majani, moja moja, akiyaweka kando kwa utaratibu kana kwamba atayahitaji tena.

"Miti itakatwa?" aliuliza.

"Nikishindwa, mashine inaondoka. Na mikaratusi mtapanda."

"Nipeleke nikayanuse hayo mafuta."

Jumatano asubuhi Bonareri aliingia kiwandani na kitambaa chake cha kanisa kichwani. Nilimpa vikombe vitatu kutoka mapipa matatu, mafuta yale yale tuliyosema hayana kitu. Alivuta pumzi juu ya kila kimoja, macho yamefumbwa.

"Hii ni majani ya mgomba. Hii pia, lakini yalikuwa mabichi." Kwenye cha tatu akakunja uso. "Na hii ni ya Nyanchoka. Huyo mvivu ameweka vijiti vya mkaratusi. Nilimkataza!"

Mose alicheka hadi akashika ukuta. Mimi sikucheka. Nilimuuliza anawezaje kusikia tusichosikia sote.

"Nyinyi mnapika kwa moshi," alisema. "Mimi nafanya nao kazi."

Matunda mapya yasiyo na moshi yasingewahi kuiva kabla ya Ijumaa. Tulikuwa na mafuta yale yale machafu na magunia matatu ya mkaa wa kusafishia, ule mweusi laini unaonyonya uchafu usioonekana kwa jicho. Unapasha mafuta, unachanganya mkaa, unakoroga, unachuja, kisha unayapitisha kwenye mvuke ili harufu itoke. Kila mzunguko ulimeza gunia moja na karibu siku nzima.

Kabla hatujaanza nilimwita Mose kando ya boila. Nilimwambia nilimkosea, na nikalisema kwa sauti, wale waliosikia matusi wasikie na hili. Aliitikia kwa kichwa, akatia kuni.

Jumatano jioni Bonareri alinusa. "Bado."

Alhamisi jioni alinusa tena, akakaa na kikombe muda mrefu. "Moshi umeenda mbali. Lakini upo."

Janat aliinusa sampuli ile ya Alhamisi, akanipa, akaichukua akanusa tena.

"Mama, hapa hakuna kitu," alimwambia Bonareri.

"Iko," Bonareri alimjibu kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Moshi iko. Imejificha tu."

"Kemuma, tutume hii. Gunia limebaki moja. Ukianza tena kesho na boila ikasumbua, hutamaliza."

"Tukituma hii inakataliwa."

"Unajuaje?"

"Mama amesema."

Janat alinitazama, kisha akamtazama yule mama aliyevaa viatu vya mpira. "Saa kumi nikifika hapa na hakuna mpya, napeleka hii ya leo. Sitangoja hata dakika."

Ijumaa tulianza saa kumi za alfajiri. Saa nne vitambaa vya chujio viliziba kwa mkaa, mafuta yakakataa kupita. Nilivifungua mwenyewe, nikavifua kwa maji moto na Mose, viganja vikatubabuka, tukavifunga tena. Saa sita viliziba mara ya pili. Nilitukana kwa lugha zote tatu ninazozijua, nikavifua tena. Bonareri alikaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, akingoja. Saa tisa unusu mafuta yalianza kutoka upande wa pili wa mvuke, yakiwa na rangi hafifu ya majani machanga.

Janat alikuwa ameshafika, injini ya gari inanguruma getini.

Bonareri alipokea kikombe kwa mikono miwili. Alinusa. Akageuka akapenga pua kwa leso, akanusa tena, mara ya tatu. Niliona machozi yakimlengalenga nikadhani tumeshindwa.

"Funga," alisema.

Nilifunga chupa, nikabandika lakiri, nikaikimbiza getini. Kisha nikampeleka mama nyumbani ili jua lisimzamie njiani.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Janat alinipigia simu akipiga kelele hadi nikaisogeza mbali na sikio: mafuta ni safi, hayana harufu, hayana moshi, wanataka kontena la kwanza kabla mwezi haujaisha. Mashine inabaki Keroka. Nilikaa juu ya gunia tupu nikalia bila kujificha, na Mose akajifanya anakagua boila.

Jioni hiyo nilikwenda Birongo. Bonareri alikuwa uani, chini ya mmoja wa miti yake, anapanga avokado ngumu kwenye kreti za kiwanda. Nilimpa habari. Hakuonyesha mshangao.

"Nilijua siku ile," alisema. "Niliitafuta nyumba yangu humo ndani nikaikosa. Hata jiko, hata mgomba, hata huyo Nyanchoka. Hakukuwa na mtu." Aliifuta avokado kwa kanga, akaiweka mahali pake. "Sasa hao watu wa ng'ambo wakiyafungua, watajuaje kwamba ni yetu?"

Sikutaka kumdanganya.

"Hawatajua, Mama. Ndiyo maana wanayanunua."

Aliisukuma kreti iliyojaa kuelekea miguuni kwangu, akavuta nyingine tupu.

"Basi wapelekee mengi," alisema.