Chunusi za Kiwembe

Tangu aanze vidonge vya saratani ya mapafu, yule kinyozi waliyemwita Kiwembe alikuwa na uso uliojaa chunusi, na mkewe alizifurahia kila asubuhi kama mkulima aonaye miche. Daktari ndiye aliyemtia wazimu huo. Aliwaeleza kwamba juu ya seli kuna protini inayopokea amri ya kukua na kuipeleka ndani. Ya Kiwembe imeharibika, inatoa amri hata isipotumwa. Kidonge kinaiziba mdomo. Na kwa kuwa protini hiyo ipo hata kwenye ngozi, chunusi ni dalili kwamba dawa inafanya kazi.

Sasa nani akamweleze hayo mteja? Watu walichungulia mlangoni, wakamwona na wembe mkononi na usaha shavuni, wakakumbuka kwamba wana haraka. Kiti kikakaa kitupu wiki nzima. Kiwembe akaona heri kifua kuliko dharau. Akawa anakibana kidonge chini ya ulimi mbele ya mkewe, akifika kazini anakitemea kwenye nywele zilizofagiliwa. Uso ukatakata. Wateja wakarudi na utani wao. Mwezi wa tatu kikohozi nacho kikarudi.

Daktari aliitazama picha ya kifua.

"Uvimbe umekua. Niambieni ukweli. Kama aliacha kumeza, si neno, tunaanza tena, huenda dawa bado ikamfaa. Kama hakuacha, basi ile protini imebadilika umbo, kidonge hakiishiki tena. Hapo nakifuta, tunahamia dawa za dripu, na sitawaficha, dripu haitatufikisha mbali."

"Hajaruka hata siku moja," mkewe akasema. "Nampa kwa mkono wangu huu. Mume wangu si mtu wa kunidanganya."

Kidonge cha asubuhi ile kilikuwa kwenye mfuko wa shati la Kiwembe, bado kimelowa mate.

"Ni kweli, mzee?"

Kiwembe aliona aibu kumuumbua mkewe mbele ya daktari. "Ni kama alivyosema mama watoto."

Daktari akakata jina la dawa kwa kalamu.

Nje, kwenye benchi la ukumbini, mkewe alimpapasa shavu laini, machozi yakimtoka. "Zilipoanza kukauka nilijua dawa imeshindwa. Nikanyamaza, mume wangu, nisikutie hofu."

Kiwembe akaubana mfuko wa shati kwa kiganja, akasema twende nyumbani.