Chakula Kisichoona Moto

Kwa miaka miwili na miezi minne Roda alikuwa na mkwe asiyekula kwake, na jambo hilo lilimkaa rohoni. Si kwamba mkwe alikuwa na maringo. Amoni, kama angeruhusiwa, angekula na sufuria yenyewe. Alikuwa mfanyakazi wa reli pale stesheni ya Tunduma, kijana mrefu mwenye mikono isiyotulia, na kila Jumapili baada ya ibada alikuja kwa wakwe zake kupasua kuni, kuziba paa na kuchimba mashimo ambayo wakati mwingine hakuna aliyeyahitaji. Kisha alirudi nyumbani na njaa yake, harufu ya maharage ya mama mkwe ikimsindikiza mpaka barabarani.

Kwa Wanamwanga, kabila lao, mkwe wa kiume hali chakula cha mama mkwe mpaka aonyeshwe moto. Siku hiyo wanawake wa upande wa binti hujitwisha vyakula vya kila aina vilivyopikwa katika jiko la nyumba ile, wakampelekea kwa vigelegele, naye kuanzia hapo yuko huru. Kabla ya hapo hata chai haruhusiwi. Wala hawatazamani usoni yeye na mama mkwe, wala hawasemeshani. Roda na Amoni, ambao walipendana kama mama na mwana, walizungumza kupitia kwa mbuzi.

"Mbuzi," Roda angesema akiwa jikoni, mgongo kaupa mlango, "hivi huyo anayepasua kuni hajui kwamba leo ni baridi, avae koti?"

"Mbuzi," Amoni angejibu nyuma ya kihenge cha mahindi, "waambie humo ndani koti nimelivaa."

Mbuzi mwenyewe, jike jekundu lenye dharau, aliendelea kutafuna.

Kilichokwamisha moto ni kwamba hauonyeshwi kwa mchicha. Unataka kuku, wali, mafuta na sukari, na mwaka ule wa themanini na mbili duka la kijiji lilikuwa na majembe mawili, pakiti za viberiti na karani. Sukari ilitoka kwa barua ya balozi wa nyumba kumi, robo kilo kwa kaya, tena kwa foleni ya tangu alfajiri. Mafuta ya kula watu waliyasimulia kama ndugu aliyehamia mbali. Roda alisema mwaka huu, akasema mwaka ujao, na kuku wake wakafa kwa mdondo, wote isipokuwa kifaranga kimoja.

Basi Ijumaa moja ya mwezi wa saba Loisi, binti yake, akaingia uani akihema. Amoni kahamishiwa Mlimba. Wanaondoka kesho, treni ya saa kumi jioni.

Roda aliketi juu ya kinu. Alijua Mlimba iko upande gani wa reli, na hapakuwa karibu. Mkwe angekwenda huko na binti yake, na katika miaka miwili yote hakuwahi kumtilia hata tonge kinywani. Mtu asiyeonja mkono wako anakukumbukia nini? Angekumbuka kuni.

Alikwenda moja kwa moja kwa Tabita, dada mkubwa wa mumewe, ambaye ndiye aliyekuwa na kauli katika mambo ya mila. Tabita alikuwa bibi mdogo wa umbo, aliyefunga kilemba kwa nguvu mpaka nyusi zikapanda, na alikuwa hajawahi kubadili neno lake tangu Mwingereza aondoke.

"Hakuna kuku, hakuna moto," alisema Tabita. "Na chochote kilichopita kwenye moto wako asikiguse. Wifi yangu, usituletee mkosi."

Roda alirudi akilia waziwazi, na akiwa bado analia akamkuta Mwanamvita uani, naye analia.

Huyu Mwanamvita alikuwa jirani, mfanyabiashara kutoka Pangani, mnene, mcheshi, aliyevuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, na kurudi kama mtu anayekwenda kisimani. Safari hii alikuwa amenunua katoni mbili za biskuti za tabaka, zile nyembamba zilizopakwa chokoleti, azitembeze sikukuu inayokuja. Akazitia kwenye mfuko wa unga. Kufika njiani, mgambo yule pale, kakaa kwenye jiwe.

"Nikafanya nini mie? Nikauweka mfuko chini, nikaukalia, nikajifanya nimechoka," alisimulia Mwanamvita akijifuta machozi. "Nikajua atapita. Wallahi Mama Loisi, hakupita. Kaanza kunieleza habari za mchumba wake. Mchumba kakataa barua. Mchumba kasema hivi. Saa nzima! Nami kila akisema neno la uchungu natikisika kwa kumhurumia, na chini yangu nasikia kru, kru, kru."

Alikung'uta mfuko juu ya ungo. Ukamwagika unga wa rangi ya kahawia, vipande visivyozidi ukucha, na harufu tamu iliyomfanya hata mbuzi ainue kichwa.

Roda, machozi yakiwa bado mashavuni, alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Mwanamvita alimtazama kwa hasira, halafu akashindwa, naye akacheka, na walipotulia Roda akamweleza yake: Mlimba, treni, moto, wifi.

"Kwani ni lazima kipikwe?" Mwanamvita aliuliza.

"Chakula gani kisichopikwa?"

Mwanamvita aliutazama ungo. Zamani, akasema, alipokuwa mfanyakazi wa ndani kwa Mama mmoja wa Kihindi kule Tanga, sikukuu ikifika mama yule alikuwa akiponda biskuti, anazikanda kwa maziwa mazito ya kopo, yale matamu, anaviringa vidonge. Jiko haliwashwi. Na kopo la maziwa hayo Mwanamvita alikuwa nalo, na kakao kidogo kwenye karatasi.

Roda alisimama. Kwa mara ya kwanza siku ile aliona mlango.

Kesho yake asubuhi aliuzima moto wake kwa maji, akazoa majivu yote, akayamwaga bondeni. Alitaka pasiwe na la kusema. Hezron, mumewe, aliamka akakuta jiko baridi kama kaburi.

"Uji uko wapi?"

"Leo hakuna uji. Leo nyumba hii haina moto."

Hezron alikwenda kukaa juani na kiazi kibichi, akikitafuna polepole kwa huzuni kubwa, na hakuna aliyemjali.

Loisi na Mwanamvita wakafika, kazi ikaanza. Roda alisugua kinu kwa mchanga na maji mara tatu. Sufuria zote alizikataa kwa sababu zina masizi. Akachukua beseni jipya la Loisi la harusi. Mwiko ukakataliwa, umeshinda jikoni maisha yake yote. Mwanamvita alileta karanga za kukaanga, akaona zichanganywe zilete utamu, na Roda akamfukuza nazo mpaka nje ya ua.

"Zimeona moto hizo!"

"Si moto wako."

"Zimeona moto, Mwanamvita. Wifi atanusa."

Mwanamvita alizila mwenyewe, ili zisipotee.

Walizitwanga biskuti mpaka zikawa laini, lakini Roda akaomba nyingine zibaki chengachenga, maana mtu anatakiwa ajue anatafuna. Walitia kakao. Kopo la maziwa lilitobolewa kwa msumari, na yale maziwa yakateremka kwa uvivu, manene, ya rangi ya siagi, na wanawake watatu wakasimama kimya kuyatazama kama watu walio kanisani. Tone la mwisho Loisi alilikinga kwa kidole.

Tatizo likawa baridi. Upepo wa Tunduma mwezi wa saba hauna adabu. Chokoleti iligoma kulainika, donge likawa linapasukapasuka, ukikamata linamwagika mkononi. Mahali pengine mtu angelisogeza karibu na jiko. Roda alichukua kipande cha bati kilichobaki Amoni alipoziba paa, akakisugua, akakilaza juani penye kinga ya ukuta, akaliweka beseni juu yake, kisha wote watatu wakajipanga kuzuia upepo kwa khanga zilizotandazwa. Aliyepita barabarani angedhani wanaficha mtu anayeoga. Mwanamvita aliimba. Loisi aliruka mguu huu na ule kwa baridi. Mbuzi alijaribu mara mbili kupita katikati yao, akapigwa kofi la pua.

Na likalainika. Roda aliingiza vidole akahisi donge limekubali, limeshikana, linang'aa. Alilowesha viganja kwa maji ya baridi, akamega, akaviringa. Kidonge cha kwanza kikatoka duara, kizuri, kikubwa kidogo kuliko kete ya bao. Akakizungusha kwenye unga wa biskuti uliobakizwa. Akakitazama, akahisi furaha ya kijinga ikimpanda kutoka tumboni, akakiweka kichwani mwa Mwanamvita kwanza ili aone kama kitakaa.

Walitengeneza arobaini na sita. Vingekuwa hamsini, lakini Mwanamvita alikuwa akipima utamu.

Saa nane Tabita akafika na mkongojo wake, kilemba kimekazwa kwa ajili ya vita. Alikwenda kwanza jikoni. Aliingiza mkono kwenye mafiga, akaupeleka puani. Akainusa mikono ya Roda. Akamwangalia Hezron na kiazi chake, na jambo hilo likamshawishi kuliko yote.

"Hiki ni nini?"

"Hakijaona moto, wifi," Roda alisema. "Ulisema kilichopita kwenye moto wangu asikiguse. Hiki hakijapita. Ni kama mapera yaliyoivia mtini. Nani aliyemkataza mkwe kuchuma pera?"

Tabita alichukua kidonge kimoja, akakitia kinywani kwa uso wa mtu anayeonja dawa. Kikavunjika taratibu, kru. Nyusi, ambazo tayari zilikuwa juu, zikapanda zaidi.

"Sijaelewa vizuri," alisema, akachukua cha pili.

Hakuelewa kwa muda mrefu. Alipokuwa na cha tano shavuni, nyuma ya kihenge pakasikika kikohozi cha adabu. Amoni alikuwa amefika kuaga, kavaa koti, sanduku mkononi. Roda alikimbilia jikoni, akaupa mlango mgongo, khanga kichwani.

"Apewe," Tabita aliamuru. "Si chakula hiki. Kisichoona moto si chakula. Ni tunda."

Loisi alijaza sahani akampelekea, vichache akaviacha kwenye sahani nyingine mbele ya Tabita. Roda alifumba macho, akasikiliza. Halafu, nyuma ya kihenge, kru. Halafu kru, kru, kwa haraka, na sauti ya mtu mzima anayecheka peke yake mdomo umejaa. Miaka miwili na miezi minne. Roda aliuma khanga yake ili asipige yowe la furaha.

Sasa Tabita, mwenye vidonge tisa tumboni, alikuwa amebadilika. Utamu ulikuwa umemlegeza mpaka kilemba. Aliligonga bati kwa mkongojo wake.

"Nimefikiri," alitangaza. "Jua nalo ni moto, tena mkubwa. Hili bati limekuwa jiko. Mimi ndiye mwenye kauli, nami nasema moto wa Roda umeonyeshwa leo. Mambo yamekwisha. Hakuna tena haja ya kuku, wala haja ya kijana huyu kusafirishwa kutoka Mlimba kwa sherehe. Aende salama, na huko aliko asihangaike."

Mwanamvita alipiga kigelegele. Loisi akadakia. Hata Hezron alisimama, maana aliona uji unakaribia.

Roda hakupiga. Neno lile, asihangaike, lilimwingia kama maji ya baridi. Ndicho alichokuwa akikililia tangu jana, na sasa amepewa, na alichopewa ni ruhusa ya mkwe kutorudi. Mtu aliyeonyeshwa moto kamaliza. Asiyeonyeshwa bado anangojwa. Ukoo mzima unamngoja, sharti aletwe, yeye na mkewe, kwa siku yake.

"Hapana," alisema.

Tabita aligeuka. Katika maisha yake hakuwahi kubadili neno, na leo kalibadili, anakataliwa.

"Jua si moto, wifi," Roda alisema, mgongo bado kaupa mlango, sauti juu ili ifike mbali. "Umesema mwenyewe ni tunda. Jua linaivisha matunda, halipiki. Moto wangu bado. Kuku bado, wali bado. Mbuzi! Mwambie huyo aliyevaa koti kwamba hajala kwangu. Ameonja tunda tu. Mwambie kifaranga kimoja kimebaki, ni jogoo, nakilisha kwa mkono wangu, na hakitachinjwa mpaka arudi yeye na binti yangu."

Nyuma ya kihenge kutafuna kukakoma.

"Mbuzi," sauti ya Amoni ikasema, nzito, "waambie humo ndani nitarudi. Mwezi wa kumi na mbili nina likizo. Waambie... mwambie Mama asimchinje jogoo huyo kwa ajili ya mtu mwingine yeyote."

"Mbuzi, mwambie simchinji."

"Mbuzi, mwambie asante."

"Mbuzi, mwambie avae koti hata huko Mlimba."

"Mama Loisi," Mwanamvita aliita taratibu kutoka uani, "mbuzi hayupo."

Na kweli hakuwepo. Kigelegele kilikuwa kimemtimua zamani, na sasa alionekana kule ng'ambo ya barabara, anatafuna karatasi za biskuti moja baada ya nyingine. Tabita alifungua kinywa kusema neno juu ya hilo. Kisha aliitazama sahani yake, akaona vimebaki viwili, akakichukua kimoja.

Roda alikuwa bado kaupa mlango mgongo, mikono ikimnukia kakao.

"Haya, baba," alisema. "Treni itakuacha."

"Ndiyo, Mama," Amoni alijibu.