Jiwe la Kunyoosha Uso

Wiki tatu kabla ya wageni kufika, binti yangu Nadia aliamua kwamba uso wangu ni tatizo la ukoo mzima.

Nina miaka arobaini na tisa. Nina diploma ya kilimo, na kwa miaka ishirini na miwili nimekuwa nikipanda pikipiki kwenda Masako kuwafundisha wakulima kuchagua mbegu za mihogo. Mihogo hailimwi kivulini. Kwa hiyo nina mistari kwenye paji la uso, nina mingine pembeni mwa macho, na miwili mirefu inayotoka puani hadi mdomoni. Naijua yote. Kioo ninacho.

Sababu ya Nadia ilikuwa Daudi. Wamengojana miaka minne, tangu Daudi akiwa bado mwanafunzi, na sasa kijana amepata kazi na anataka kuoa. Daudi anatoka katika zile familia za zamani za Waislamu wa mjini, kama mume wangu Aboubakar. Mimi ni mtu wa Yahuma, nilikuja Kisangani kusoma nikabaki. Wao wana desturi ambayo mimi sikuipitia, maana nilipoolewa mama yangu alikuwa amekwisha kufa. Kabla mahari haijazungumzwa, mashangazi wa mvulana huja nyumbani kwa msichana, na hawaji kumwona msichana. Huja kukaa na mama yake, kunywa chai, na kumtazama usoni. Huja na kilo mbili za sukari zilizofungwa katika kitambaa cheupe, nao huipakata hiyo sukari muda wote wa mazungumzo. Wakiridhika, wanaiweka chini kwenye mkeka. Wasiporidhika, wanaondoka nayo, na jambo limekwisha. Hakuna anayeuliza kwa nini.

"Wanaangalia mama ili wajue mutoto atazeeka namna gani," Nadia aliniambia. Alikuwa amewauliza rafiki zake wote, na wote walimjibu hivyohivyo.

"Basi watajua," nikasema. "Utazeeka ukiwa na kazi."

Hakucheka. Siku iliyofuata alirudi na mfuko.

Nadia anauza vipodozi kwa simu, kwa hiyo vitu vya ajabu kuingia nyumbani kwetu si habari. Safari hii vilikuwa viwili. Kimoja ni kigurudumu cha jiwe la kijani chenye mpini, anachokiita rulo. Cha pili ni jiwe bapa la rangi hiyohiyo, lenye umbo la moyo, la kukwangulia. Rulo huvuta damu ije kwenye ngozi, akasema. Jiwe hunyoosha mistari. Wazungu wanafanya, Wachina wamefanya tangu zamani, na bibi mmoja wa kwenye video ana miaka sitini na anaonekana kama ana thelathini na tano.

"Huyo bibi anafanya kazi gani?" nikamwuliza.

"Mama, donc kila kitu lazima iwe kazi?"

Nilikubali kwa sababu ya macho yake. Mtoto hajalala vizuri wiki nzima. Sikutaka nije kuambiwa kwamba sukari ilirudi kwa sababu mama alikataa kulala chali dakika tano. Aliniomba na jambo lingine. Nisimwambie mtu yeyote, na baba yake asiseme. Hakutaka ukoo wa Daudi usikie kwamba yeye ndiye aliyeuona uso wa mama yake hautoshi. Tukaahidi, mimi na Aboubakar, na ndilo kosa letu.

Kila jioni baada ya kazi nililala kwenye mkeka, miguu bado na udongo wa Masako, Nadia akinipaka mafuta na kuniviringisha kama andazi. Rulo inatakiwa iwe baridi. Friji tunayo, lakini courant inakuja inapotaka, ingawa bwawa la umeme la Tshopo liko karibu nasi kiasi kwamba ningeweza kwenda kulilalamikia kwa miguu. Kwa hiyo Nadia aligundua mahali penye baridi siku zote: ndani ya mtungi wa maji ya kunywa. Nilikunywa kikombe kizima chenye ladha ya krimu ya waridi kabla sijaiona rulo imelala kule chini kama samaki.

"Nadia."

"Nimeiosha, mama."

"Na mimi nimeoshwa tumbo."

Baada ya wiki mbili nilijitazama kioo. Ngozi ilikuwa inang'aa kidogo kwa mafuta. Mistari ilikuwa palepale.

Siku ya wageni ilikuwa Jumamosi. Asubuhi nilikuwa nimekwenda Masako na kurudi, kwa sababu vipando havijui desturi, na nilifika nyumbani nimechoka. Wageni walitarajiwa saa kumi. Saa saba Nadia alinilaza. Mafuta yalikuwa yamekwisha, lakini alisema tutafanya kavu, mara moja tu, kwa nguvu, kwa kuwa leo ndiyo leo. Akaweka simu yake kwenye kiti ili afuate video. Nililala usingizi hapohapo.

Nilipoamka, simu ilikuwa imezima moto, betri imekwisha, na Nadia alikuwa bado anakwangua. Video ilikatika kabla ya yule bibi kueleza mtu akandamize kiasi gani. Yeye aliendelea kwa kubahatisha, dakika arobaini.

"Nadia, mbona uso unawaka?"

Alinitazama, akalishusha jiwe polepole. "Mama, usiangalie kioo kwanza."

Niliangalia. Chini ya kila jicho, juu ya mfupa wa shavu, kulikuwa na baka lenye rangi ya mbilingani. Jingine lilikuwa kwenye taya, upande wa kushoto. Nilionekana kama mtu aliyegombana sokoni akashindwa.

Mume wangu alitoka kwenye chumba chake cha kushonea, tepu ya kupimia shingoni. Aboubakar ni mshonaji wa nguo za wanawake, na kwa miaka ishirini na sita sijamsikia akipandisha sauti hata kwa cherehani. Alinitazama shavu moja, kisha la pili.

"Ni mimi tu ninaona," akasema, "ao uso imekuwa mbili?"

"Kawaulize watoto wako," nikasema, ingawa mtoto ni mmoja.

Nadia alikuwa analia na wakati huohuo anatafuta poda. Hapo ndipo jambo lilipoharibika kabisa. Poda aliyokuwa nayo ilikuwa ya wateja weupe kuliko mimi. Alinipaka tabaka la kwanza, la pili, la tatu. Nilimwambia tuwaeleze tu wageni tulichokifanya, wacheke, yaishe. Alinishika mikono miwili. "Mama, uliahidi." Nikanyamaza. Sipendi kunyamaza, na sasa najua kwa nini.

Tantine Fatouma, shangazi yake Daudi, alishuka kwenye pikipiki saa kumi kamili, mwanamke mrefu mwenye shela nyeupe tupu, goti moja likimsumbua. Nyuma yake alikuja mdogo wake, tantine Aïcha, mnene, kimya, macho kila mahali. Sukari ilikuwa kwa Fatouma. Tulisalimiana kwa mashavu, kulia, kushoto, kulia tena, na alipojiondoa, shela yake ilikuwa na sehemu ya shavu langu. Doa la poda, kubwa kama yai.

Alilitazama doa, kisha akanitazama mimi, mahali doa lilipotoka.

Tuliketi. Nadia alileta chai na mikate ya kukaanga, akarudi kusimama mlangoni. Hakuna aliyegusa mikate. Sukari ilikuwa imeshikwa kwa mikono miwili.

"Mama Nadia," Fatouma akasema, "uso inakuuma?"

"Hapana, tantine. Si kitu."

"Si kitu." Alimgeukia mdogo wake. "Umesikia? Si kitu."

"Ule wa kwetu pia alikuwa anasema hivyo," akasema Aïcha. Lilikuwa neno lake la kwanza.

Nikaona mazungumzo yanakoelekea, nikajaribu kusema kweli bila kuvunja ahadi, kitu ambacho hakiwezekani. "Ni jiwe," nikasema.

Fatouma aliikaza sukari mikononi. "Anakutupia na mawe?"

"Hapana. Hakuna aliyetupa. Nilikuwa nimelala."

"Ukiwa umelala," akasema Aïcha, akitikisa kichwa.

Na ndipo mume wangu, Mungu amsaidie, alipoingia na barafu aliyokwenda kuitafuta nyumba ya tatu. Alisalimu vizuri, akainama, akanipa ile barafu ndani ya kitambaa. "Weka hapa kwenye taya," akasema kwa sauti yake ya chini. "Hapo ndipo iliingia sana."

Mashangazi wote wawili waliigeukia taya yangu.

"Kwa hiyo papa Nadia anajua," Fatouma akasema.

Aboubakar alinitazama, akamtazama Nadia, akakumbuka ahadi. Mtu mwema akidanganya anaonekana mwizi. "Ni mambo ya nyumba, tantine," akajibu. "Ilikwisha."

Fatouma alisimama. Goti lilimpa shida, lakini alisimama, sukari kifuani. "Miaka kumi na mbili," aliniambia, si kwa ukali, "dada yetu mukubwa alisema ni mulango, ni ngazi, ni mambo ya nyumba. Desturi ni ya zamani, lakini sisi tunaangalia uso ya mama kwa sababu yake. Nyumba ambayo mama anapigwa, mutoto anajifunza kupigwa, na mutoto mwanaume wetu anakuta mukwe wa kumufundisha kupiga. Daudi hatakuja hapa tena. Lakini wewe, ukitaka, mulango yangu iko wazi. Hata usiku."

Kwa hiyo hawakuja kuhesabu makunjo. Wiki tatu za kulala chali, na hakuna aliyeuliza kuhusu makunjo.

Nilimgeukia binti yangu. Alikuwa ameshika ukingo wa mlango. Angeweza kumpoteza Daudi akinyamaza, na akisema, ilimbidi aseme mbele yao kwamba uso wangu haukumtosha. Nilikuwa tayari kuvunja ahadi mimi mwenyewe. Nilikuwa nimefungua mdomo. Lakini Aboubakar alikuwa amesimama katikati ya chumba na tepu yake shingoni, mikono haijui iende wapi, na mashangazi wawili walikuwa wanaitazama mikono hiyo.

"Ni mimi," Nadia akasema.

"Ni wewe nini?" Fatouma akauliza.

"Nilimuumiza mimi. Papa hajamugusa mama hata siku moja." Akakimbia chumbani, akarudi na mfuko, akamwaga vyote kwenye mkeka: jiwe, kopo tupu la mafuta, rulo ikidondosha maji. Akaeleza, kwa haraka, akichanganya video na simu iliyozima moto.

Aïcha aliokota jiwe, akaligeuza. "Hii? Hii inafanya vile?"

"Watu wanatuletea kila hadithi," Fatouma akasema. "Dada yetu alikuwa na hadithi nzuri kuliko hii." Hata hivyo aliketi tena. Akapandisha mkono wa nguo, akanyoosha mkono wake juu ya meza ndogo, kando ya mikate. "Fanya."

"Tantine, itakuuma."

"Fanya vile ulimufanyia mama yako. Kavu."

Nadia alikwangua. Mara moja, mara ya pili, mara ya tano, kutoka kiwiko kuja kwenye kifundo. Fatouma hakukunja uso. Sote wanne tuliinama juu ya ule mkono kama watu wanaongoja wali kuiva. Kwanza haikuonekana kitu. Kisha ngozi ikapanda joto, ikavimba mstari, na mstari ukaanza kuwa mweusi mwekundu, sawasawa na wangu.

"Ee," akasema Aïcha.

Fatouma aliushusha mkono wa nguo. Alimtazama Aboubakar, akamwambia, "Papa, kaa chini. Umesimama sana." Kisha akamgeukia Nadia. "Kwa nini?"

"Nilifikiri mutaangalia mistari yake." Hakuweza kunitazama. "Mutasema nami nitakuwa vile."

"Utakuwa vile. Alors, ni ubaya gani?"

Nadia alianza kurudisha vitu kwenye mfuko. Mimi nilikuwa na majibu mengi, lakini niliweka barafu kwenye taya nikanyamaza kwa mara ya pili siku hiyo.

Sukari hawakuiweka. Fatouma alisema hawezi kusoma uso uliopigwa rangi ya nyumba. Atarudi Jumamosi ijayo, na mtu asiuguse kwa kitu chochote ila maji na sabuni. Nadia hakula vizuri siku saba. Mimi nilikwenda Masako kila siku na mabaka yangu. Wakulima walinipa pole kwa adabu, nami nilipowaambia ni jiwe, wakazidi kunipa pole.

Jumamosi Fatouma alikuja peke yake. Mabaka yalikuwa yameisha. Alinikalisha karibu na dirisha, akanitazama, akaniuliza juu ya mihogo, juu ya Yahuma, juu ya nani aliyenifundisha kujibu wakubwa namna hii. Aboubakar alipita kuchukua mkasi nikamwambia ameacha kofia yake kwenye sufuria yangu tena, naye akaomba radhi akacheka mwenyewe. Fatouma alifuatilia hayo yote. Kisha akainama, goti likalia, akaiweka sukari chini kwenye mkeka.

Nadia alikaa chini palepale alipokuwa amesimama.

Nilidhani tumemaliza. Lakini Fatouma alivuta kiti karibu na binti yangu, akapunguza sauti, ingawa chumba ni kimoja na masikio ninayo.

"Ile ya kuviringisha," akasema. "Iko na ya magoti?"

"Iko, tantine," Nadia akajibu, na machozi hayajamkauka. "Lakini inataka baridi."

Nilikwenda kuchota maji ya chai. Niliangalia ndani ya mtungi kwanza. Rulo ilikuwemo.