Dirisha la Uani kwa Mama

Mimi ni fundi wa madirisha ya kupandisha, na mama yangu alikaa miezi minne nyuma ya dirisha lisilofunguka. Mtaani kwetu Glasgow watu wakinisema huanzia hapo.

Februari ya mwaka sabini na nne makaa yalikuwa adimu. Nilipanda hadi ghorofa ya tatu kumjulia hali mama, nikamkuta jikoni kavaa makoti mawili. Upepo ulikuwa unapenya kwenye dirisha la uani, na kamba zake za kulipandishia zilikuwa zimechakaa. Kulitengeneza vizuri ni kazi ya siku nzima: kung'oa mbao za ubavuni, kutoa vyuma vya uzito vilivyofichwa ndani, kutia kamba mpya. Mimi nilikuwa na saa moja. Nikapigilia misumari miwili, nikaziba nyufa, nikapaka rangi juu ya vyote.

"Sasa nikitaka kuongea na Senga?" mama akauliza.

"Mpungie mkono. Machi nakuja kulifungua."

"Machi ya mwaka gani, Hughie?"

Tukacheka.

Senga Rafferty alikaa ng'ambo ya ua, ghorofa ya tatu kama mama. Kwa miaka thelathini, kila saa nne asubuhi, kila mmoja alipandisha dirisha lake, akaweka mto kizingitini, akaegemea viwiko, na umbea ukaanza juu ya kamba za nguo. Nani kaachwa, nani kanunua kochi jipya na kodi hajalipa. Magoti yalipowaishia na ngazi zikawashinda, dirisha likawa ndiyo njia pekee. Simu hawakuwa nayo, si mama, si Senga.

Machi nilipata kazi upande wa matajiri, nyumba ya daktari yenye madirisha ishirini na mawili. Kila Jumapili mama aliniuliza, na kila Jumapili nilisema wiki ijayo. Sikuwa nadanganya. Nilitaka kulitengeneza sawasawa, kamba mpya na kila kitu, kwa sababu sifanyi kazi nusu nusu. Basi nikawa naisubiri siku nzima isiyo na kazi, na siku hiyo haikuja.

Aprili mama alijaribu kuikwangua rangi kwa kisu cha mkate, kisu kikavunjika. Dada yangu Rhona akataka kumwita fundi mwingine.

"Fundi mwingine, na wangu yuko hai?" mama akamwambia. "Senga atacheka mpaka aanguke uani."

Rhona aliponisimulia, nilijivunia jibu hilo. Mjinga mimi.

Mwanzoni walifanya mchezo wa ishara, mama akigonga kioo, Senga akicheza kama mwendawazimu kule ng'ambo. Rhona alipeleka salamu mara mbili tatu. Lakini umbea wa kutumiana salamu hauna ladha, na Mei Senga alianza kumwambia Rhona kwamba mama, Nettie Gilfillan, siku hizi ni bibi mkubwa, anakaa nyuma ya kioo kama keki ya dukani.

"Hiyo ni hasira, si utani," mama aliniambia. "Njoo ufungue, mwanangu. Nakuomba."

Nikasema wiki ijayo.

Alhamisi moja ya Juni, Senga aliegemea dirishani kwake akaongea kwa muda mrefu. Mama aliiona midomo. Aligonga kioo, akaonyesha sikio, akatikisa kichwa. Senga hakunyamaza. Aliongea mpaka akamaliza, akajifuta macho kwa aproni, akashusha dirisha. Jumamosi moyo wake ulisimama.

Rhona alinifuata kwenye nyumba ya yule daktari kunipa habari. Nilikuwa juu ya ngazi, nikilijaribu dirisha la kumi na tisa.

Siku ya mazishi mama hakuweza kushuka. Nilikwenda kwake na vyombo vyangu, nimevaa tai nyeusi, nikaifanya ile kazi bila kuvua koti. Nilipitisha kisu kwenye rangi, nikang'oa misumari, nikagongagonga fremu kwa kiganja mpaka ikaachia. Nikaipandisha, nikaishikiza kwa kipande cha ubao. Hewa ikaingia jikoni na sauti za watoto waliokuwa wakipiga mpira chini. Kule ng'ambo watoto wa Senga walikuwa wameshateremsha mapazia kwa ajili ya msiba.

"Njoo uone, mama. Kamba nitazitia kesho."

Alikuwa mezani, mto wake mapajani, anaitazama saa ya ukutani.

"Nusu saa," akasema.

"Nini?"

"Ulipoingia ilikuwa saa tano kamili. Nusu saa, Hughie. Miezi yote hii nilidhani ni kazi kubwa."

Nilitaka kumweleza habari za kamba na vyuma, na kazi ya kufanya mara moja ikaisha. Badala yake nikauliza lile nisilopaswa kuuliza, kama hakukisia hata neno moja la Senga siku ile ya Alhamisi.

"Labda alinitukana. Labda alikuwa ananiaga. Wewe unaonaje, fundi?"

Nilisimama pale na kisu mkononi, naona aibu ambayo mpaka leo haijaniisha.

"Lifunge," mama akasema. "Kuna baridi."

Ilikuwa Juni, na jua lilikuwa limejaa uani. Nikalishusha.