Aproni ya Injinia Mwakio

Usiku wa kuamkia leo niliota baba yangu amekataliwa kuzikwa mpaka bahari ilale sawasawa.

Baba mwenyewe, Injinia Nathanieli Mwakio, alifariki Jumanne. Maisha yake aliyamalizia matumboni mwa meli za mizigo. Alianza kwa kupaka grisi mpaka akawa injinia mkuu, na humo humo safarini akajiunga na Wafrimasoni, chama cha siri ambacho watu husema hutoa watu kafara. Ametuachia aproni nyeupe ya ngozi aliyoivaa vikaoni mwao, na agizo moja: azikwe nayo. Baba mdogo Mghanga ameapa kuichoma moto kabla ya mazishi. Na mimi, Wakesho, binti wa marehemu, nilikuwa sijapata ujasiri wa kumkatalia.

Basi naona jeneza liko sebuleni kwetu Voi. Sebule inaanza kuyumba, makochi yanateleza, mara ni chumba cha injini. Hakuna anayeshangaa. Baba ameketi juu ya jeneza lake, kavaa ovaroli na ile aproni, anafuta mikono kwa tambara.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Umekula?"

"Bado."

"Msiba haukatazi mtu kula."

Kwenye kiti cha mwenyekiti yuko Pimamaji, kile kifaa cha mafundi wa kujenga cha kupimia usawa, mwenye kitone cha hewa tumboni. Meli ikiinama, kitone kinakimbia, naye anashika mbavu.

"Kikao hakifunguliwi," anasema. "Kanuni yetu ni kukutana kwa usawa. Sakafu hii haina usawa. Marehemu atangoja."

"Angoje mpaka lini?"

"Mpaka bahari inyooke."

Mlinzi wa mlango ni pampu ya kutolea maji machafu. Imeshika upawa wa jikoni badala ya upanga.

"Wanawake hawaingii humu," inaniambia.

"Nimeshaingia."

"Basi toka, upige hodi, nikukatalie."

"Sitoki ng'o!"

Pampu inafikiri kidogo. "Haya, nimekukatalia hapo hapo ulipo," inasema, kisha inaendelea na kazi yake.

Baba mdogo Mghanga anakuja akitembea ukutani, mkononi debe la mafuta ya taa. Hata salamu hakuna.

"Kaka, sema mbele ya watu. Ulimtoa nani kafara hata ukajenga nyumba ya mawe?"

Injini inajizima ili isikie vizuri.

"Nilitoa vidole viwili," anasema baba.

Vidole vyenyewe vikaingia, vikitembea kwa kucha, vikasimama mbele ya Pimamaji.

"Ni kweli," kimoja kikasema. "Feni ya injini ilitukata. Waliokesha naye hospitali ugenini ni hawa hawa wa aproni. Mghanga hakuleta hata pole."

"Sikuuliza habari za vidole!" baba mdogo akafoka. "Akikane chama chake, nimzike kama watu."

Pimamaji akajikuna. "Akikana, si mwenzetu tena. Mnaweza kumzika hata sasa hivi, hata pakiinama."

Wote wakamtazama baba. Baba akakunja tambara lake, akalitia mfukoni.

"Sikani. Nimefanya kazi kwenye sakafu iliyoinama tangu ujana wangu, na sikuinama nayo. Niacheni nioze hapa hapa."

Jamani, nilipandwa na hasira! Miaka yote hiyo watu wananong'ona sokoni, nami nageuza uso kana kwamba simjui.

"Baba mdogo, weka debe chini."

"Unanipigia kelele mimi?"

"Ndiyo, wewe. Weka!"

Kwa mshangao akaliweka, upande wa kushoto. Meli ikatikisika, ikatulia. Kitone cha Pimamaji kikaenda katikati, kikasimama tuli. Pimamaji akapumua kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana.

"Usawa! Kikao kimefunguliwa na Ndugu Mghanga."

"Mimi si ndugu yenu! Shindweni kwa jina la Bwana!"

"Usiliinue debe," pampu ikamwonya. "Ukilisogeza tu, tumezama."

Basi baba mdogo akabaki kalishika debe lake kwa mikono miwili, analinda kikao cha Wafrimasoni. Maji ya bahari yakaingia kuja kumtazama, yakamfika magotini.

"Nani anamsemea marehemu?" akauliza Pimamaji.

"Mimi."

"Wanawake..." ikaanza pampu.

"Nyamaza wewe! Baba yangu anazikwa na aproni yake. Asiyetaka, asije. Kanisa likisusa, jembe nitalishika mwenyewe."

"Nimesikia, mama," akasema baba. Akajilaza ndani ya jeneza, akavuta kifuniko kwa mkono wake wenye vidole vitatu.

Nikaamka. Kumekucha, na mlango unagongwa. Ni baba mdogo Mghanga, ana debe la mafuta ya taa na kiberiti. Sikungoja aseme.

"Anazikwa nayo, baba mdogo. Nimemaliza."

Nilijiandaa kwa matusi. Hakunitukana. Suruali yake ilikuwa na chumvi nyeupe iliyokauka mpaka magotini, na Voi hii bahari iko wapi? Alikuwa ameng'ang'ania fremu ya mlango, macho yake sakafuni.

"Nishike mkono kwanza, mwanangu," akasema. "Nyumba yenu inayumba."

Nikamkalisha kwenye kochi, kisha nikaenda kuikunja aproni na kuiweka juu ya suti ya mazishi.