Ukurasa Mmoja kwa Kichwa Kimoja

"Nimefika kisogoni," msusi alisema bila kugeuka. "Wewe umefika wapi?"

Muuguzi aliongeza kasi ya vidole. Alikuwa bado mwanzoni mwa ukurasa, amejibanza katika kona ya saluni kati ya draya mbovu na ndoo ya maji, kompyuta mapajani, na alijua fika kwamba msusi, wifi yake, akishavuka kisogo hachelewi kumaliza. Mapatano yao yalikuwa hayo: ukurasa mmoja kwa kichwa kimoja. Kichwa kikiisha kabla ya ukurasa, hakuna chai. Ukurasa ukitangulia, wifi mtu anaacha kila kitu na kumpigia makofi mbele ya wateja, jambo ambalo muuguzi aliliogopa kuliko kukosa chai.

Walianza hivyo baada ya visingizio vya muda mrefu. Muuguzi alikuwa amejiwekea malengo ya kila namna ya kumaliza tasnifu yake ya chuo: kuandika alfajiri, kuandika kabla ya zamu, kuandika baada ya zamu. Alibandika hata ratiba kwenye mlango wa jokofu, watoto wakaichorea ng'ombe. Mumewe alimhurumia sana, tena kwa sauti, akiwa ameketi mbele ya televisheni. Ni wifi yake aliyemwambia ahamie saluni siku zake za mapumziko, maana huko atakayemsumbua ni mtu mmoja tu, naye ana chanuo mkononi.

Na dawa hiyo ilimkolea. Kila ukurasa ulipokamilika msusi alichora mstari wa chaki pembeni ya kioo, na mistari ilishateremka hadi kwenye rafu ya mafuta ya nywele. Wateja walimbatiza muuguzi jina la Profesa, na wengi hawakujua kwamba ana kazi nyingine. Sasa kilichobaki kilikuwa kipande cha mwisho cha sura ya nne. Tasnifu ilitakiwa chuoni Ijumaa. Walishamwongezea muda, na msimamizi wake alimwambia kwa upole kwamba safari hii akikosa, hana tena la kumtetea.

Sura yenyewe ilieleza kwa nini wajawazito huhudhuria kliniki mara moja kisha hupotea. Aliwahoji mwenyewe, wodini, walipokwisha kujifungua, akienda kitanda hadi kitanda. Karibu wote walimjibu neno moja: nauli. Ilikuwa sura safi, imenyooka, na aliipenda.

Mteja wa siku hiyo alikuwa mgeni, mwanamke mwembamba aliyekuja na mtoto mchanga na kumlaza kwenye kochi. Maongezi yalizunguka weee, kutoka bei ya rasta hadi uchungu wa kuzaa, na msusi akamuuliza alijifungulia wapi. Akaitaja hospitali anakofanya kazi muuguzi.

"Walikuhudumia vizuri?"

"Vizuri." Mwanamke akafikiri kidogo. "Alikuja nesi mmoja na karatasi zake, na barakoa usoni. Mpole, anaongea kama anabembeleza mtoto. Akaniuliza mbona niliacha kliniki, nikamwambia nauli."

"Kwani haikuwa nauli?"

"Nauli ya nini, na pale nafika kwa miguu? Lakini ningemwambia nini, dada? Kavaa sare ile ile ya wenzake. Wa kitanda cha kwanza alisema nauli, na sisi wote tukafuata."

Muuguzi aliacha kuchapa. Mbele yake palikuwa na sentensi aliyotoka kuiandika: gharama ya usafiri ndiyo kikwazo kikuu. Alijua pia kwamba angeweza kunyamaza. Mwanamke hakuwa amemtambua, Ijumaa ilikuwa mlangoni, na hakuna ambaye angekuja kuuliza sare ilikuwa ya rangi gani. Zilibaki aya mbili. Akaandika moja, nayo ikakaa vizuri kabisa, na hilo ndilo lililomuudhi.

Msusi alifunga msuko wa mwisho. "Kichwa tayari. Profesa?"

"Sina."

"Huna ukurasa, au huna la kusema?"

Muuguzi aliweka kompyuta juu ya kifuniko cha ndoo, akasimama. "Dada," alimwambia mwanamke, "nesi huyo ni mimi."

Mwanamke alimtazama kwenye kioo, akashusha macho, akaanza kutafuta mkoba wake. Alisema hakuwa na nia mbaya. Alisema nesi alikuwa mpole sana, na huduma ya pale ni nzuri, haina tatizo lolote. Muuguzi aliumia kuliko kama angetukanwa, kwa sababu alikuwa akijibiwa tena kama kule wodini.

Alitoka nje akampigia msimamizi. Mzee yule alimsikiliza hadi mwisho, akashusha pumzi, akamweleza kwamba kurudia mahojiano ni kupeleka ombi jipya kwa kamati, na kamati ikikataa, basi kazi yote imekwenda na maji. Alimuuliza kama ana uhakika. Muuguzi alisema anao.

Alirudi ndani akidhani mwanamke ameshaondoka. Alimkuta bado kitini, mtoto kifuani ananyonya, na kikombe cha chai mkononi.

"Ijumaa sipeleki," muuguzi alimwambia wifi yake.

Msusi aliitazama mistari yake ya chaki. Kisha akaenda kuzima redio.

Mwanamke aliondoa mkoba wake kwenye kiti cha pili. "Kaa basi. Ila hiyo kompyuta ifunge."

Muuguzi aliifunga, akakaa. Hakuuliza kitu.

"Gauni la mimba nilikuwa nalo moja," mwanamke alisema. "Nililifua jioni, asubuhi halijakauka. Nikalivaa hivyo hivyo, nikijua litakaukia njiani. Nesi wa mezani pale kliniki akaniona kwa nyuma, akaniuliza mbele ya foleni nzima kama nimejikojolea." Alimfuta mtoto maziwa kidevuni kwa kidole. "Watu wakacheka. Na mimi nikacheka nao."