Mlango wa Kushoto

Mimi ni fundi wa samani za zamani, na kazi yangu naijua. Nalisema mapema usije ukadhani haya yalimpata mtu wa kubahatisha. Kwa miaka ishirini na sita sikuwahi kumwambia mteja kwamba nimekosea. Ndivyo nilivyokuwa nikijisifu mpaka saa tatu ya asubuhi ile, simu ilipolia.

Alikuwa mdogo wake Mama Makumbusho. Jina hilo tulimpa sisi karakanani, maana nyumba ya mama huyu imejaa vitu vya kale hadi hupati pa kuweka mguu. Wiki ile wakusanyaji wenzake walikuwa na maonyesho yao, na kila mmoja alitakiwa apeleke kitu alichokaa nacho muda mrefu kuliko vyote. Tulidhani atapeleka ile saa yake kubwa ya ukutani. Wapi! Akaniletea kabati kuukuu, rafu zake zimeliwa na mchwa.

"Hili nimekaa nalo miaka arobaini na nne," alisema. "Nitengenezee rafu tu, fundi. Rafu tu."

Sasa mdogo wake yuko kwenye simu. "Fundi, dada anakuja saa tano. Kaniambia nikukumbushe, ule mlango wa kushoto, upande wa ndani, usiguswe. Pana alama za mwanawe. Marehemu shemeji alikuwa akimsimamisha pale kila akitimiza mwaka, anakata mstari kwa kisu usawa wa kichwa. Si unajua yule mtoto alifariki mdogo?"

Sikujua. "Wala usijali," nikasema. Ulimi wangu huu!

Nikaenda kuufungua ule mlango, ingawa nilijua nitakachokikuta. Ulikuwa unang'aa. Juzi yake niliona mistari minne imelala pale, mmoja juu ya mwingine, nikaamua ni alama za fundi wa kwanza, za kuonyesha rafu zikae wapi. Alama za rafu huwekwa ubavuni mwa kabati, jamani, si mlangoni! Hata anayejifunza kazi leo anajua. Lakini mimi siulizi. Nilisimamisha ufito wangu, ule ubao mwembamba ninaohamishia vipimo, nikaichora yote minne kwa penseli. Kisha nikaupiga mlango randa, nikaupiga msasa, nikaupaka nta. Siwezi kuona mbao ina mikwaruzo nikaiacha. Nani alinituma? Aliniambia rafu tu.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye tunafanya kazi pamoja, alinisikiliza huku akikuna kidevu.

"Ufito si unao?" akasema. "Basi kata upya palepale. Nani atajua?"

"Hebu nyamaza."

"Haya, nanyamaza. Mwambie basi mama wa watu kwamba umemfuta mwanawe kwa msasa."

Nikaitazama saa. Saa tatu na nusu. Nikapiga moyo konde, nikachukua kisu.

Nilikata mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Mbao mbichi ilionekana nyeupe ndani ya mikato, nikaipaka chai nzito ya rangi, nikaipuliza ikauke, nikaisugulia vumbi la zile rafu kuukuu. Jasho lilinitoka kwapani hadi kiunoni. Saa nne na dakika hamsini nikarudi nyuma kutazama. Mungu anisamehe, niliipenda ile kazi. Ungeapa ina miaka arobaini.

Mama Makumbusho aliingia na mkoba wake mdogo. Nikamwamkia, akaitikia, akapita moja kwa moja hadi mlango wa kushoto. Rafu zangu hakuzitazama hata kwa jicho moja. Akapiga magoti taratibu, akafumba macho, akapeleka kidole gumba kwenye mstari wa chini. Shemeji akajitia kupanga misumari.

"Mwaka mmoja," akasema. "Hapa alilia, hakutaka kusimama." Kidole kikapanda. "Miwili. Hapa alijiinua kwa ncha za vidole, mjanja yule, baba yake akamkandamiza mabega." Akacheka kidogo. "Mitatu."

Nikaanza kupumua. Kidole kikapanda tena, kikasimama.

"Minne," akasema, akafumbua macho.

Akakirudisha kidole, akapapasa tena.

"Fundi, mwanangu hakufika minne."

Nikausogelea mlango.

"Hapa palikuwa na mkwaruzo tu," akaendelea, polepole. "Kona ya kitanda, tulipokuwa tunahama. Sasa pana alama kama zile nyingine." Akanigeukia. "Zake ni zipi hapa?"

"Hakuna, mama. Zote nimekata mimi, asubuhi hii. Zake nilizipiga randa. Nimekosea, mama yangu. Nimekosea sana, halafu nikataka kukudanganya."

Nilitamani anipige. Nilitamani atukane, avunje kitu, aite watu. Alibaki amepiga magoti, kiganja chake juu ya ule mwaka niliomwongezea mtoto wa watu.

"Urefu wake uliujuaje?"

Nikamletea ufito.

"Huu uliugusisha na zile alama zenyewe?"

"Ndiyo, mama. Kabla ya randa."

Akausimamisha sakafuni, akaitafuta mistari ya penseli kwa kidole, mmoja mmoja. Wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Akaacha kidole pale.

"Kata hapa," akasema.

"Mama..."

"Kata. Usiuguse mstari."

Sijawahi kuogopa kukata ubao kama nilivyoogopa ule. Shemeji alishika upande mmoja, nami nikasukuma msumeno kwa pumzi moja moja, unywele tu juu ya penseli. Kile kipande cha mwaka wa nne kikaanguka sakafuni. Mama akakisukuma kwa mguu, kikaingia chini ya meza.

"Kabati lina rafu nzuri," akasema. "Litafutie mtu."

"Na maonyesho, mama?"

"Kitu changu nimekipata."

Akatoka na ule ufito akiutembeza ubavuni mwake, umesimama wima, kiganja chake kimetulia juu, penye kichwa.